Wimbi la Shirleen

King'ora cha Enkare Gardens kilipolia saa nane mchana, watu wapatao mia tatu waliacha chipsi zao mezani wakakimbilia majini, na Nyakio Kiragu akakimbia nao ingawa hakujua kuogelea.

Ilikuwa Jumapili ya Agosti, mwaka wa 2004. Bwawa lile lilikuwa jipya, nyuma kidogo ya mji wa Kitengela, mahali ambapo miaka michache tu kabla ya hapo ng'ombe ndio waliokuwa wengi. Lilikuwa bwawa kama mabwawa mengine, ila kila baada ya saa moja Kuntai, fundi wa mashine, alipiga king'ora akawasha injini iliyokuwa nyuma ya ukuta wa mbali, na kwa dakika kumi mawimbi ya kweli yalikuja yakivimba, yakapasukia upande wa watoto. Watu walitoka Buruburu, South B na kila pembe ya Nairobi kuyafuata, wakakodi bodi za sponji pale langoni. Bahari ilikuwa safari ya kutwa nzima. Hii ilikuwa mwendo wa saa moja.

Nyakio alivaa nguo ya kuogelea ya manjano aliyojishonea mwenyewe katika duka la baba yake la sare za shule, na kaptula juu yake, maana asubuhi ile alikuwa ameimba kwaya na hakutaka mama wachungaji wa hapo karibu wamwone vingine. Alilalia bodi kama alivyoona wengine wakilala. Wimbi lilimnyanyua, akapiga kelele ya furaha, na kabla hajaimaliza alimgonga mtu aliyekuwa akija na wimbi hilo hilo amesimama wima juu ya ubao mrefu mweupe. Wakaanguka pamoja.

"Wee dada! Hukuniona?"

"Nikuone aje na umesimama juu ya maji kama Petro?"

"Petro alizama kwa kukosa imani," alisema yule kijana, akipangusa macho. "Mimi nimezamishwa na mtu wa kaptula."

Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na kifua chake kilimfanya Nyakio aangalie kando kidogo halafu aangalie tena.

"Sikiza, nikufunze," alisema. "Yule mtu ako karibu na ukuta ndiye mwenye wimbi. Wengine wote wanaachilia. Ukiingilia wimbi ya mtu, utamuumiza ama akuumize."

"Nani alisema?"

"Mimi."

"Na wewe ni nani?"

"Wakhungu. Siku za kazi niko store ya kiwanda cha simiti huko Athi River. Jumapili niko hapa."

"Basi Wakhungu wa simiti, nishikie bodi yangu, inaenda."

Aliishika. Baadaye akashika na namba ya simu.

Wakhungu alikulia Changamwe, Mombasa, ambako baba yake alikuwa karani wa bandari, na huko ndiko alikojifunza kuteleza juu ya mawimbi. Familia iliporudi Webuye alibeba ubao wake kwenye basi, na alipopata kazi Athi River akaja nao tena. Majirani wa ploti yake Kitengela walidhani ni mlango.

Akamfundisha Nyakio. Kwanza kuogelea, kisha kupiga mikono mbele ya wimbi, kisha kupiga magoti, kisha kusimama. "Geuza kichwa kwanza," alimwambia kila mara. "Angalia ukutani. Kama kuna mtu, achilia. Kama hakuna, ni yako." Alimpa ubao wake wa zamani, ule mgumu wenye ncha, na kufikia Krismasi Nyakio alikuwa akisimama bila kushikwa. Lakini Wakhungu hakumpisha hata siku moja. Akiwa yeye ndiye wa ukutani, alilichukua wimbi lake, Nyakio apende asipende.

"Hata mimi?" aliuliza Nyakio siku moja.

"Hata wewe, mpenzi. Sheria ni sheria."

Na jioni simu ikawa inalia mara tatu na kukatika.

"Unaniflash mara tatu za nini? Huna credit?"

"Niko nayo. Nilitaka tu ujue nimekufikiria mara tatu."

"Ungenipigia moja ya maana."

"Sasa si tunaongea? Sema umenimiss."

"Sijakumiss hata kidogo. Uko wapi? Ulikula nini? Nani yuko hapo na wewe?"

Maswali hayo matatu aliyauliza kila jioni, na la mwisho ndilo alilokuwa akitaka jibu lake. Nyakio alikuwa msichana mwenye wivu. Nasema mapema ili mtu asije akanilaumu baadaye. Alionea wivu mpaka mashati ya Wakhungu kwa kukaa naye siku nzima.

Mwezi wa Januari akaja Shirleen.

Alikuja na jinzi iliyokaa chini ya kiuno, nywele za kusuka zilizofika mgongoni na chingamu ambayo hakuitema hata majini. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa ametoka Webuye wiki hiyo hiyo kuanza kazi ya kushona katika kiwanda kimoja cha nguo cha Athi River. Hakujua kuogelea, hakujua kungoja zamu, wala hakujua kunyamaza.

King'ora kikalia. Wakhungu, aliyekuwa wa ukutani, akarudi nyuma. Akamshikia Shirleen bodi, akamsukuma kwa mikono miwili. Wimbi la kwanza. La pili. La tatu. Dakika kumi zikaisha na Wakhungu hakuwa ameteleza hata mara moja, na alikuwa akicheka.

Nyakio alimngoja penye bomba la kujisafisha miguu.

"Yule ni nani?"

"Ah, yule? Ni mama yangu."

Nyakio alicheka kwanza, halafu akaona kwamba mwenzake hacheki. "Nimekuuliza swali la maana."

"Na mimi nimekujibu. Kwetu yule ni mama. Siwezi kukalia wimbi na yeye ako nyuma yangu anangoja. Hiyo ni kukosa adabu."

"Wakhungu, uliniambia mama yako alikufa ukiwa class four. Nililia na wewe siku hiyo. Sasa amerudi na jinzi ya hipster?"

"Wacha nikueleze, babe..."

"Usinieleze! Mtu anaweza kudanganya na kitu kingine chochote, lakini si na marehemu."

Akaondoka na kaptula yake inadondoka maji. Wakhungu hakumfuata. Alikuwa amesema ukweli, na mtu akisema ukweli akaitwa mwongo, mara nyingi hataki kuurudia. Hapo ndipo ningemvuta masikio kama ningekuwa karibu.

Walipatana, maana walipendana, lakini walipatana juu juu. Nyakio hakuuliza tena, alichunguza. Jumamosi moja alipita kwenye ploti ya Wakhungu bila kubisha akamkuta Shirleen ameinamia karai, anasugua kola za mashati yale yale. "Huyu kijana hajui kufua kola," Shirleen akamwambia kwa furaha, kama watu wanaofahamiana. Nyakio alirudi nyumbani akakata mikono ya sare za watoto arobaini mifupi kuliko ilivyotakiwa. Na simu za jioni zikaharibika.

"Nani huyo anacheka hapo?"

"Ni mama. Amekuja kunipikia."

Akakata.

Jumatatu ya Pasaka watu walijaa Enkare hata Kuntai akawa anakuna kichwa. "Sopa, Nyakio," alimsalimia pale langoni. "Ipa," akajibu. "Leo uangalie. Maji hayaonekani, ni vichwa tu," Kuntai akamwambia.

Ilikuwa kweli. King'ora kilipolia, upande wa ukutani ulikuwa na watu kama kumi na watano wakisukumana, na mbele yao wote, mahali pazuri kabisa, Wakhungu alikuwa amemweka Shirleen. Wimbi la nne lilikuja kubwa. Shirleen alipiga mikono, akapiga magoti, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasimama. Alinyoosha mikono yote miwili. "Nimesimama!" alipiga kelele. "Niangalie, nimesimama!" Na Wakhungu akapiga mbinja kama mtu aliyeona timu yake ikifunga bao.

Kwa Nyakio hakuwahi kupiga mbinja ile.

Nyakio alikuwa hatua nne kutoka pale. Aligeuza kichwa, akamwona Shirleen vizuri, akapiga mikono. Aliingia mbele yake. Ubao mgumu uliruka, na ncha yake ikampata Shirleen mdomoni.

Kuntai alizima mashine. Shirleen aliinuka majini akiwa ameziba mdomo, damu ikimpita katikati ya vidole, na alipofungua kiganja kulikuwa na jino la mbele juu yake.

"Ni msongamano!" Wakhungu aliwaambia watu waliokuwa wakipiga kelele. "Watu ni wengi sana leo. Ni ajali, jameni, tupisheni." Alimbeba Shirleen mpaka kwenye teksi. Kabla ya kuingia alimtazama Nyakio mara moja tu.

Kesho yake Nyakio alimwambia baba yake kwamba Tata Phylis, shangazi yake wa Kajiado, anahitaji msaada saluni. Uongo. Hata lifti aliipata vibaya: Kiama, muuza spea ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akimtolea macho, alikuwa akienda Namanga na gari lake jeupe, naye akapanda. Simu ya Wakhungu ililia mara kumi na moja kabla hajaishika.

"Uko wapi?"

"Kajiado. Kwa Tata."

"Ulipelekwa na nani?"

"Kwani mama hakukuambia?"

"Nakuuliza, Nyakio. Kuntai amekuona kwa gari ya Kiama."

"Nilipewa lifti."

"Lifti? Kiama hawezi kupea hata mama yake lifti!"

"Angalau mama yake ana mvi!"

Wakakata wote wawili kwa wakati mmoja, na wote wawili wakabaki wakizitazama simu zao. Nyakio alilia nyuma ya saluni, kwenye kamba ya taulo. Hakulilia Kiama. Alilia kwa sababu kila akifumba macho aliliona lile jino kwenye kiganja, na kwa sababu hata akiliona hakuacha kusikia ile mbinja.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, mlango wa saluni ukafunguliwa na vumbi la Kajiado likaingia, na nyuma ya vumbi akaingia Shirleen. Mdomo ulikuwa bado umevimba. Jinzi ilikuwa ile ile, lakini juu yake alikuwa amejifunga leso mpaka miguuni, na kichwani alikuwa na kitambaa. Chingamu haikuwepo.

"Karibu, tukusuke?" aliuliza Tata Phylis.

"Sikukuja kusukwa, mama. Nimeomba ruhusa kazini nikuje kuona huyu." Akaketi mbele ya Nyakio bila kualikwa. "Nyakio, hujambo? Leo nimekuja kama mama."

"Hata wewe unaniambia hivyo?"

"Nisikize. Baba yangu na mama ya Wakhungu ni mtu na dada yake, tumbo moja. Kwetu Bukusu, mtoto msichana wa mjomba wako ni mama yako. Mayi. Ningekuwa hata nanyonya, angeniita hivyo. Mimi nilizaliwa yeye tayari anatembea, na bado alifundishwa kunisalimia mama."

"Lakini kwa nini hakuniambia ni cousin?"

"Aseme cousin aje? Hiyo ni kama kunikana. Na yule aliyemzaa alishakufa. Mimi ndiye wa kwao pekee niko huku. Siku ile watakuja kwenu kukuomba, nani atakaa kwa kiti cha mama? Ni mimi hapa, na hili pengo."

Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele alitoa kichwa nje ili asikie vizuri. Nyakio aliona aibu mpaka masikio yakauma. Kwa miezi mitatu alikuwa amemwonea wivu mama mkwe.

"Pole," alisema. "Pole sana kwa jino."

"Jino nitawekewa. Mimi nataka kitu kingine." Shirleen alisogeza kiti. "Uligeuza kichwa ukanitazama, halafu ukapiga mikono. Wakhungu anasema ni msongamano. Anasema hivyo mpaka tumekosana. Sasa niambie wewe."

Nyakio angeweza kukana. Watu walikuwa wengi siku ile, na hakuna ambaye angembishia.

"Nilikuona," alisema. "Nilitaka uanguke. Sikutaka jino, wallahi vile. Nilitaka uanguke tu, aache kukuangalia."

"Uuui!" Tata Phylis akaweka kitana chini.

Shirleen aliitikia kwa kichwa polepole. "Sawa. Sasa hayo maneno umwambie yeye, kwa mdomo wako. Mimi sitamwambia. Lakini usipomwambia, sitakuja kwenu. Siwezi kuleta mtoto wangu kwa mtu anaweza kunitazama vile halafu anyamaze. Na mimi nisipokuja, hakuna mwenye atakuja." Alisimama, akajifunga leso vizuri. "Kwaheri, mama wa hapa. Saluni yenu ni safi."

Alipotoka, Nyakio alikaa akitazama mlango. Akinyamaza, hakuna harusi. Akisema, Wakhungu atajua msichana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusimama juu ya maji ni mtu wa namna gani, na huenda asitake kumwona tena. Tata alimpa chai na hakumshauri kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea tena.

Kesho yake asubuhi Nyakio alirudi Kitengela, akamkuta Wakhungu Enkare, ametoka zamu ya usiku, ameketi ukingoni mwa bwawa na viatu vya kazi vyenye vumbi la simiti. Hakukuwa na watu. Maji yalikuwa yametulia na Kuntai alikuwa akiopoa majani kwa wavu.

"Kiama hajambo?" Wakhungu aliuliza bila kugeuka.

"Sijui. Sijamwona tangu siku ile. Wakhungu, nimekuja kukuambia kitu, na ukitaka kuondoka baadaye utaondoka." Alibaki amesimama nyuma yake. "Haikuwa ajali. Nilimwona Shirleen. Niliingia makusudi."

Wakhungu alikung'uta vumbi la simiti kwenye kiatu kimoja.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nilikuwa nyuma yenu. Nani alikufundisha kugeuza kichwa? Nilikuona ukigeuza."

"Na ukasema ni ajali!"

"Ningesema nini mbele ya watu wote wale? Eti mchumba wangu amevunja mama yangu jino?"

"Mchumba?"

"Usirukie hiyo. Bado tuko kwa jino." Sasa alimgeukia, na macho yake yalikuwa mekundu, si kwa usingizi peke yake. "Siku tisa nimengoja uniambie. Kila nikikupigia, nilikuwa nangoja hilo. Ukaniletea Kiama."

"Si ungeniuliza tu?"

"Nikikuuliza utanijibu kwa sababu nimekuuliza. Nilitaka useme mwenyewe. Nilikasirika, Nyakio. Bado nimekasirika. Yule ndiye mama nimebaki naye."

"Najua. Shirleen alinieleza kila kitu." Aliketi kando yake, lakini si karibu sana. "Wakhungu, mimi naona wivu. Sikudanganyi. Hata sasa najua ni mama yako, ukimpigia mbinja nitaona wivu. Sijui nitafanya nini na huu moyo."

Wakhungu alitia mkono mfukoni akatoa kijisanduku kidogo cha karatasi, akakiweka katikati yao.

"Ni nini?"

"Plagi za gari."

"Na huna gari."

"Sina. Nilienda duka la Kiama nimwangalie vizuri, nione ana nini. Akaniuliza nataka nini. Ilibidi ninunue." Akavuta pumzi. "Nimeenda mara mbili. Nyumbani niko na zingine nne."

Nyakio alicheka hadi machozi yakatoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa ya kicheko tena. Wakhungu alimvuta akamweka kifuani, vumbi la simiti likampaka shavu lote.

"Unioe basi," alisema Nyakio ndani ya shati. "Kabla hujafungua duka la spea."

"Ngoja niulize mama."

Akapiga simu. Aliongea Kibukusu, kwa sauti ya chini na ya heshima, kisha akampa Nyakio.

"Umemwambia?" aliuliza Shirleen upande wa pili, na cherehani za kiwanda zikilia nyuma yake.

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote. Na ninaomba msamaha tena. Mama."

"Haya. Mwambie mzee Kiragu tunakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tutakuwa watu saba. Na nyama mkate ndogo ndogo, mimi sitafuni vizuri. Nipe mwanangu."

Wakhungu alichukua simu. Alisikiliza, halafu akaangua kicheko kikubwa, akajibu kitu kwa lugha yao, akacheka tena. Nyakio alijitahidi kutazama maji. Akahesabu moyoni mpaka tano.

"Amesema nini?" aliuliza.

Wakhungu alifunika simu kwa kiganja.

"Amesema utaniuliza hivyo maisha yangu yote."